Nyota ya Robo Hizbu Katika Kompyuta



Wasomaji watukufu wa ukurasa huu watakumbuka kwamba mwezi uliopita tulizungumza juu ya kumzoeza mtoto kushika kalamu, tukaahidi kuendelea mwezi huu na herufi za kuunganisha. Ahadi ni deni, nasi tutalilipa Inshaallah. Lakini kwa leo twaomba muhula. Zimetufikia barua mbili, moja ya mama mwenye binti wa darasa la tano, na moja ya kijana aliyemaliza shule na bado hajapata la kufanya. Mama auliza kama ni halali binti yake kuchora kwa kompyuta kama anavyofundishwa shuleni. Kijana auliza aanzie wapi, kwani kila anapojaribu mstari wake watoka umepinda kama njia ya mbuzi mlimani. Nami nimeona afadhali nisiwajibu kwa hukumu tupu, ila niwasimulie yaliyotokea katika madrasa yetu hapa Nyamwaga, maana katika jambo hili nilikosea kwanza kabla sijajifunza.

Kompyuta ilitufikia bila ya kuitafuta. Mzee mmoja wa jamaa zetu, aliyekuwa karani mjini Mwanza, alistaafu akarejea nyumbani, akatuletea kompyuta yake ya kupakata. Ilikuwa imechakaa, herufi mbili za kibodi yake zimefutika kwa kubonyezwa, na betri haidumu hata nusu saa isipochomekwa kwenye umeme. Akaniambia, "Maalim, mimi macho yamekwisha. Wape watoto." Nikaipokea kwa adabu, nikamshukuru, nikaifungia kabatini pamoja na misahafu iliyochanika. Ikakaa humo miezi minane.

Watu waliponiuliza nilijibu kwamba mashine hizi huleta picha, na picha zina maneno yake katika sheria. Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini halikuwa sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba nilikuwa naiogopa. Mimi elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, nimefundisha watoto kwa ubao na chaki muda wa miaka thelathini, wala sikupenda wanione nikibabaika mbele ya kitu ambacho wao wangekielewa kwa siku moja. Basi nikaifanya dini kuwa pazia la haya yangu.

Sasa niseme juu ya kijana mmoja. Wakati huo umri wake ulikuwa yapata miaka 14. Hifadhi yake ilikuwa nzuri; Juzuu Amma alikwisha kuimaliza, na Tabaraka alikuwa akiikaribia mwisho. Lakini mkono wake ulikuwa taabu. Alifu yake ilitetemeka, baa yake haikukaa juu ya mstari, na nukta zake zilianguka popote kama mtama uliomwagika. Nilimkemea, nikamwandikisha ukurasa ule ule mara ishirini, na hata fimbo nilishika. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimwambia baba yake mbele ya watu kwamba mtoto huyu ni wa kusikia tu, si wa kuandika, asijisumbue naye. Baba yake hakunijibu. Kijana alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika viatu mkononi.

Kuanzia wiki ile alikuja siku mbili, akakosa tatu. Msomaji wa mbali huenda asitambue uzito wa jambo hilo. Sisi huku Tarime, kijana akiambiwa kwamba hafai chuoni hana safari ndefu ya kwenda. Jirani yetu tu, Nyamongo, upo mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, na vijana wengi wa vijiji hivi wamevutwa na mawe ya mabaki, wakaingia usiku kuyaokota kwa tamaa ya dhahabu iliyosalia ndani yake. Wapo waliopata kidogo, wapo waliorudi wamevunjika, na wapo tuliowazika. Nilisikia kwamba kijana wetu ameonekana njia ile pamoja na wakubwa zake. Hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani. Baba yake alimtuma aje kutusaidia kufagia na kupanga kabati, akaja kwa sababu ametumwa. Akaikuta kompyuta. "Maalim, hii yafanya kazi?" Nikasema sijui. "Niiwashe?" Nikataka kukataa, nikakosa la kusema. Akaichomeka, akaiwasha, akangoja kwa subira ambayo sikupata kuiona kwake mbele ya daftari. Alikuwa amepata kutazama kazi katika duka moja la steshenari, kwani tangu makao ya Halmashauri ya Wilaya yahamie hapa Nyamwaga wenye kuchapa barua na kutoa nakala wameongezeka. Akafungua programu ya kuchorea iliyomo humo, ile iitwayo Paint, na kioo chote kikawa karatasi nyeupe.

Programu hiyo si jambo jipya, wala si ya wakubwa. Asili ya kuchora kwa kompyuta yarejea mwaka 1963, pale mwanafunzi mmoja wa chuo cha MIT huko Marekani, Ivan Sutherland, alipoonyesha programu aliyoiita Sketchpad, ambamo mchoraji aligusa kioo kwa kalamu ya mwanga na mstari ukatokea. Mashine aliyoitumia ilijaza chumba. Paint yenyewe ilitoka mwaka 1985 pamoja na Windows ya kwanza, na mwaka 2017 kampuni ya Microsoft ilipotangaza kwamba haitaiendeleza, watu wa nchi nyingi walinung'unika hadi kampuni ikawaahidi kwamba itabaki na itatolewa bure. Kitu ambacho watu wazima wamekililia namna hiyo hakiwezi kuwa kigumu kwa mtoto.

Juu ya karatasi ile pana safu ya vyombo, na kila chombo kina picha yake, hata asiyejua Kiingereza atavitambua: penseli, brashi, kifutio, ndoo ya kumwagia rangi, kioo cha kukuzia, herufi A kwa kuandikia maneno. Kando yake yapo maumbo yaliyo tayari, kama mraba, duara na almasi, na mbele zaidi visanduku vya rangi. Kijana alinipa kipanya, nikakishika kama mtu ashikaye kifaranga. Nikakisukuma kuelekea kulia, mshale ukaenda. Nikakisukuma tena, kikafika ukingoni mwa meza. Nikamwambia, "Meza hii ni fupi." Akacheka, mara ya kwanza katika miezi mingi, akasema, "Maalim, kinyanyue, kirudishe katikati, mshale hautarudi." Nikafanya hivyo, na kweli haukurudi. Watoto waliokuwa wakifagia walisimama na fagio zao mikononi kunitazama, na jengo halikuanguka.

Nilipochora mstari wangu wa kwanza ulitetemeka kuliko alifu yake. Nilimtazama, naye akatazama pembeni kwa heshima.

Kijana aliyetuandikia na ajue basi kwamba kupinda kwa mstari si kosa la akili. Kipanya hakiongozwi na vidole kama kalamu, huongozwa na kiganja na kifundo, na jicho liko mbali na mkono. Usianze kwa penseli. Anza kwa maumbo yaliyo tayari. Chagua mraba, bonyeza mahali pamoja, vuta kwa mshazari, kisha achia. Ukitaka pande zote ziwe sawasawa, shikilia kitufe kilichoandikwa Shift wakati unapovuta. Na ukitumia mstari badala ya mraba, Shift hiyo hiyo itaunyoosha usiende upogo. Umbo likiwa bado limezungukwa na kamba ya vidoto waweza kulisogeza na kulipanua upendavyo, lakini ukibonyeza nje yake limegandamana na karatasi, huliondoi tena ila kwa kulifuta. Na ukikosea, shikilia Ctrl ubonyeze Z. Kosa lako la mwisho litaondoka kana kwamba halikuwapo, na ukibonyeza tena litaondoka la kabla yake.

Jambo hili la Ctrl na Z nimelifikiri sana. Katika daftari, mtoto akikosea alama yabaki, nami mwalimu naiona, na yeye anaona kwamba nimeiona. Mtoto wa mkono mzito huogopa ukurasa kabla ya kuuandika. Hapa kijana wetu alikosea mara 10, mara 30, bila ya kovu lolote kubaki, na kila mara alijaribu kwa njia nyingine. Sikupata kuona mtu akikosea kwa furaha namna ile.

Tuje kwenye nyota. Kila mtoto aliyefungua msahafu anaijua alama ya robo hizbu, ile nyota ya pembe nane inayotokea pambizoni au katikati ya mstari. Qurani imegawanywa hizbu 60, na kila hizbu robo nne, zikawa robo 240. Watoto wetu huihesabu nyota hiyo kila siku, wala sikupata kumwuliza hata mmoja imeumbwaje. Nami mwenyewe nilikuwa sijui. Kijana akaiangalia, akasema, "Maalim, hii ni miraba miwili."

Ni kweli. Ni mraba mmoja uliokaa sawa, na mraba mwingine wa kadiri ile ile uliogeuzwa ukasimama juu ya pembe yake. Lakini katika Paint ya kompyuta ile kulikuwa na taabu: programu hiyo iligeuza picha kwa robo duara tu, haikugeuza nusu ya robo, kwa hiyo hukuweza kuuchukua mraba ukauinamisha kidogo. Lipo umbo la almasi, ambalo ni mraba uliosimama juu ya pembe. Lakini je, liwe kubwa kiasi gani? Alijaribu kwa macho. Almasi ikawa ndogo, pembe zake zikazama. Akaikuza, pembe zake zikarefuka zikaishinda ya mraba, nyota ikawa kama buibui. Jua likatua, tukafunga.

Kesho yake alikuja kabla ya wakati. Alikuwa amekata miraba miwili ya karatasi nyumbani kwao, kila upande sentimita 14, akaiweka mmoja juu ya mwingine, akaugeuza wa juu mpaka pembe zote nane zikatokea sawasawa, kisha akapima kwa rula upana wa ule uliogeuzwa, pembe kwa pembe. Akapata sentimita 19 na milimita 8. "Basi," akasema, "mraba ukiwa 140, almasi iwe 198."

Chini ya kioo, Paint huonyesha kwa tarakimu ukubwa wa umbo unalolivuta na mahali mshale ulipo, kwa hesabu ya nukta. Akavuta mraba hadi tarakimu zikasoma 140 kwa 140. Akavuta almasi hadi 198 kwa 198. Akatoa 140 katika 198, zikabaki 58, akagawa kwa mbili akapata 29. Akaisogeza almasi mpaka ikatangulia mraba kwa nukta 29 upande wa kushoto na 29 upande wa juu. Ikakaa. Pembe nane, zote sawa.

Walimu wa hesabu watamcheka mzee kwa kustaajabia jambo la darasani, kwamba mshazari wa mraba ni upande wake mara moja na sehemu 414 katika elfu. Na wacheke. Mimi nilikuwa nimemwambia baba wa kijana huyu kwamba hana kichwa cha kuandika, naye alikuwa ameketi mbele yangu akiupima mshazari kwa karatasi na mkasi, bila ya kufundishwa na yeyote.

Msomaji aijaribu nyumbani pamoja na wanawe. Ikisha kukaa, chukua ndoo ya rangi. Utakuta nyota imegawanyika vyumba tisa: chumba kikubwa cha katikati chenye pande nane, na pembetatu nane zinazokizunguka. Mwaga rangi moja katikati na nyingine pembeni. Lakini angalia kwanza kwamba mistari imefungana. Ukiacha upenyo hata wa nukta moja, rangi itavuja na kujaza karatasi yote, kama maji ya jaruba lililobomoka tuta. Ikitokea hivyo usihangaike na kifutio. Ctrl na Z, kisha tafuta upenyo kwa kioo cha kukuzia, uuzibe kwa penseli. Na unapoihifadhi kazi, chagua aina ya PNG, usichague JPEG, kwa sababu hiyo ya pili hupunguza uzito wa picha kwa kuchafua kingo za mistari, na kesho ukimwaga rangi itakuachia vumbi la madoa.

Nimetaja nukta mara nyingi, na hapo pana jambo lililonifurahisha kuliko yote. Ukiikuza picha ya Paint mpaka mwisho wake, na ukawasha mistari ya gridi, utaona kwamba hakuna mstari wala duara. Vyote ni visanduku vidogo vilivyopangwa, kila kisanduku kina rangi yake. Wanaojua kompyuta huviita pikseli. Sisi watu wa khati twazijua nukta kabla ya kompyuta. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye aliyeziwekea herufi za Kiarabu vipimo vyake, na kipimo chenyewe kilikuwa nukta: kalamu ikibonyezwa mara moja huacha alama ya umbo la almasi, na kwa hesabu ya alama hizo hujulikana urefu wa alifu na upana wa baa. Bwana huyo aliingia katika fitina za watawala, akakatwa mkono wake wa kulia, na yasimuliwa kwamba aliendelea kuandika kwa kufunga kalamu kwenye kigutu. Nilipomweleza kijana habari hiyo alinyamaza kwa muda, akautazama mkono wake mwenyewe.

Tena ipo khati ambayo kwa hii gridi ni kama imezaliwa nayo. Ni ile Kufi ya mraba, ambayo mafundi wa Uajemi na Asia ya Kati waliijenga kwa matofali kwenye kuta za misikiti, tofali moja kwa nukta moja, kila herufi ikienda kwa mstari mnyoofu na kona kamili. Mwandishi wake hahitaji mkono mwepesi, ila ahitaji hesabu na subira. Kijana akaanza kuijaza kisanduku kwa kisanduku. Neno lake la kwanza lilikuwa "Iqra". Lilimchukua siku tatu, na alifu yake haikutetemeka.

Wala sisi wa Afrika Mashariki si wageni katika kazi hizi. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kufi yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa rangi. Milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe imejaa majani na maua na minyororo ya nakshi. Mtoto wa Nyamwaga hajafika huko, lakini anapokata miraba ya karatasi usiku kwa taa amekwisha kuingia katika kazi ya mafundi wale.

Sasa nimjibu mama, kwani nimemchelewesha. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba mtu aliyepata riziki yake kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (R.A.), naye akamsimulia onyo kali alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), kisha alipoona jinsi mtu yule alivyofadhaika, akamwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Basi miti, majani, nyota, majengo, mito, milima, herufi na nakshi, hayo hayana ubishi, na uwanja wake ni mpana kuliko umri wa mtoto. Ama picha za viumbe wenye roho, wanavyuoni wamezungumza mengi: wengi wa madhehebu yetu wamezikataza, wengine wamepambanua kati ya sanamu yenye kivuli na mchoro wa bapa, na watoto wamepewa nafasi katika vitu vya kuchezea kwa ajili ya Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) na wanasesere wake. Mimi si mufti. Katika madrasa yetu tumeamua tuchore visivyo na roho, wala hatumpigi mtoto aliyechora kuku wa mama yake, twamwonyesha nyota. Shuleni mwalimu akimwagiza binti yako achore ng'ombe kwa somo la sayansi, zungumza na mwalimu kwa upole, usimfanye mtoto kuwa uwanja wa vita kati yenu wawili. Na usimkataze kompyuta yenyewe kwa sababu ya ng'ombe. Mimi niliwahi kuikataza kwa sababu dhaifu kuliko hiyo.

Lipo neno moja la adabu ambalo nimelazimika kuwafunza watoto: wakiandika jina tukufu au aya, wasilimwagie rangi kwa mchezo wala wasilifute kwa kifutio huku wakicheka. Wafunge picha kwa heshima. Kompyuta haina mlango wala rafu ya juu, kwa hiyo heshima yote yategemea aliyeketi mbele yake.

Kwa watoto wadogo zaidi, wa miaka mitatu au minne na kuendelea, ipo programu nyingine iitwayo Tux Paint, iliyoanzishwa na Bill Kendrick mwaka 2002. Hutolewa bure, haihitaji kompyuta yenye nguvu, na ikisha kuwekwa hufanya kazi bila ya intaneti. Jambo hilo kwa mzazi ni raha mara mbili, gharama hakuna na wageni wasioalikwa hawaingii. Vitufe vyake ni vikubwa na kila kimoja hutoa sauti, nyumba itajaa kelele, mtavumilia. Ina mihuri ya picha zilizo tayari, na baadhi ni za wanyama. Mzazi anayejihadhari aweza kuifunga katika mipangilio yake. Ama asiye na kompyuta kabisa, na huko ndiko tuliko wengi, karatasi ya hesabu yenye visanduku na kalamu mbili za rangi zatosha kwa Kufi ya mraba. Kijana wetu umeme ukikatika hufanya hivyo hivyo, kisha akahamishia kwenye kioo.

Katika mwaka ule wa kwanza alitengeneza ubao wa herufi, kuanzia alifu hadi yaa, kila herufi ndani ya mraba wake, na nyota ya robo hizbu katika pembe nne za karatasi. Duka la steshenari likatuchapia kwa bei ya karatasi tu. Tukaubandika ukutani upande wa kushoto wa mlango, mahali watoto wa alifu wanapoketi. Mwenye duka alimwona kijana, akamwuliza kama angependa kuja siku za likizo kumsaidia kupamba kadi za harusi. Anakwenda mpaka leo, naye sasa ana miaka 17. Kwa kalamu mkono wake bado ni ule ule, sitaki kumdanganya msomaji. Alifu ya wino bado yatetemeka, na barua yake huisomi ila kwa kuibembeleza. Njia ya mawe sijui kama ameiacha kabisa moyoni, kwani umaskini una sauti kubwa, lakini miguuni ameiacha.

Ubao ulipokwisha kubandikwa, baba yake aliuona Ijumaa iliyofuata. Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, akizihesabu pembe za nyota moja kwa kidole bila ya kuigusa. Kisha akaniuliza, "Maalim, hii ameiandika nani?" Nikamtajia mwanawe. Akasema, "Uliniambia huyu ni wa kusikia tu."

Nikamjibu, "Nilisema, baba, na nilikosea." Nilijibu kwa sauti, watu wangali wakivaa viatu vyao mlangoni, na kijana alikuwa miongoni mwao.

Mwezi ujao, Inshaallah, herufi za kuunganisha.